Moto, Udongo na Chakula cha Mangaribi: Matunzo ya Nyumba ya Zamani upande wa Kibua na Mpofi

Barabara inayotoka Masisi kuelekea Walikale inapita Nyabiondo na Kashebere, kiisha inashuka polepole kuingia upande wa msitu, fasi ambako kuko Kibua, Mpofi na vijiji vingine vidogo vilivyopangwa pembeni ya njia. Watu wengi wa mbali hawakuwahi kusikia majina haya kabla ya mwaka 2010. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi tarehe 2 Agosti ya mwaka ule, vikundi vya wenye silaha viliingia katika vijiji 13 vya mstari wa Kibua na Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika siku hizo nne. Mmoja wa wakubwa wa vikundi vile, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi kule Goma mwezi wa Novemba 2020.

Katika hesabu za Umoja wa Mataifa kuko namba nyingine ambayo haisemwi sana. Nyumba 923 na maduka 42 yaliporwa, na watu 116 walichukuliwa kwa nguvu ili wafanyishwe kazi. Mtu akisoma «nyumba 923» anaona namba tu. Sisi tunaoishi katika jimbo hili tunajiuliza: ile nyumba moja, kabla mlango wake haujavunjwa, ilikuwa kitu gani? Nani aliijenga, nani aliishika isianguke, na mangaribi watu walikula nini ndani yake?

Katika kurasa hizi tunataka kujibu swali hilo. Wengi wameandika juu ya vita, juu ya madini na juu ya mashamba makubwa ya Masisi. Juu ya sufuria ya mangaribi na ukuta wa udongo hawakuandika sana, kwa sababu vitu hivyo vinaonekana kuwa vidogo. Lakini tunaamini kwamba historia ya watu wetu imeshikwa hapo. Neno letu ni hili: nyumba ya zamani haikuwa kitu cha kujenga mara moja na kumaliza. Ilikuwa kazi ya kila siku, na kazi hiyo ilifungwa pamoja na kazi ya kupika. Fasi moto ulipozimika, nyumba nayo ilianza kufa.

1. Nyumba yenyewe

Nchi yetu ina sura mbili, na Mpofi iko karibu na fasi sura hizo zinakutana. Upande wa mashariki ni milima ya Masisi: baridi, nyasi, mianzi, ng'ombe. Upande wa magharibi ni msitu wa Walikale: joto, miti mikubwa, kamba za porini, michikichi. Basi nyumba nazo zilikuwa za namna mbili. Kule milimani paa liliezekwa kwa nyasi, na kuta zikafumwa kwa mianzi na matete. Kule msituni paa liliezekwa kwa yale majani mapana ambayo wengi huyaita mangongo. Kila jani linakatwa kidogo kwenye mkia wake na kuning'inizwa juu ya fito, jani juu ya jani kama magamba ya samaki, kuanzia chini kwenye upenu kwenda juu. Ni majani yale yale ambayo mama alifungia chakula ndani yake ili akioke au akipike kwa mvuke. Mtu alikwenda msituni mara moja, akarudi na majani ya paa na majani ya chakula katika furushi moja.

Nguzo zilichaguliwa kwa uangalifu. Mti laini unaota upesi, lakini ukifukiwa katika udongo wenye maji unaoza upesi vilevile. Kwa hiyo wazee walitafuta miti migumu, na wengine walichoma kidogo mguu wa nguzo kwenye moto kabla ya kuusimamisha, ili mchwa na unyevu visiingie haraka. Katikati ya nguzo zilipita fito, zimefungwa kwa kamba. Msumari haukuwako, na haukuhitajika. Kiisha udongo ulikandwa kwa miguu pamoja na maji na nyasi zilizokatwakatwa, ukatupwa ukutani kwa mikono kutoka ndani na kutoka nje, mpaka pande mbili zikakutana katikati ya fito.

Kwa kawaida kazi ya miti na paa ilikuwa ya wanaume, na kazi ya maji, udongo na sakafu ilikuwa ya wamama na vijana. Siku ya kukandika nyumba watu wa jirani waliitwa. Hawakulipwa feza. Walilipwa chakula na kasiksi, na kila mmoja alijua kwamba siku ya nyumba yake wengine nao watakuja. Hata leo, fasi ambako desturi hiyo bado iko, mwenye nyumba anaanza kuhesabu ndizi zake kabla ya kuhesabu fito, kwa maana bila chakula na kinywaji nyumba haisimami.

2. Kazi za mwaka mzima

Huku kwetu mvua inanyesha karibu miezi yote. Kiangazi ni kifupi, kati ya Juni na Agosti, na hata wakati huo mvua inaweza kuanguka. Nyumba ya udongo inapigana na maji mwaka mzima, kwa hiyo matunzo yake yalikuwa na utaratibu.

Ya kwanza ni mtaro. Maji ya paa yanaanguka fasi ile ile kila siku na kuchimba shimo chini ya upenu. Yakisimama pale, mguu wa ukuta unalainika, nguzo zinaoza, na nyumba inaanza kuinama. Kwa hiyo mtaro ulizungushwa nyumba nzima na kuelekezwa kwenye mteremko, mara nyingi kuelekea shina la mgomba. Mgomba ulikunywa maji ya paa, na ukuta ukabaki mkavu. Mtoto wa miaka kumi aliweza kufungua mtaro kwa jembe la zamani, na hiyo ilikuwa kazi yake.

Ya pili ni ufa. Udongo ukikauka unapasuka. Ufa mdogo unaingiza mende na baridi, kiisha unaingiza maji, kiisha nyoka. Sote tulifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na wanafunzi wetu wanaisema methali hiyo vizuri sana kwenye mtihani. Lakini ukimuuliza mwanafunzi udongo wa kuziba ufa unatoka wapi, ananyamaza. Udongo mzuri ni ule unaoshikamana bila kupasuka tena. Wengine wanautoa kwenye kichuguu cha mchwa, wengine wanachanganya majivu, na kule milimani wanachanganya mavi ya ng'ombe. Ufa unalowanishwa kwanza kwa maji, juu udongo mbichi haushikani na udongo mkavu. Mambo hayo hayamo katika methali. Yamo mikononi mwa watu.

Ya tatu ni sakafu. Sakafu ya udongo inatoa vumbi, na katika vumbi kavu funza anazaa. Mtoto mwenye funza katika vidole hawezi kutembea vizuri kwenda shamba wala masomo. Ndiyo maana sakafu ilinyunyiziwa maji kidogo kabla ya kufagiwa asubuhi, na ikapakwa upya udongo laini kila ilipoanza kuchimbika. Mgeni angeweza kufikiri kwamba ni urembo. Ilikuwa ni afya ya miguu ya watoto.

Ya nne ni paa. Paa la majani au la nyasi halidumu: baada ya miaka michache linaoza. Lakini halikubadilishwa lote kwa mara moja. Kila kiangazi baba alipanda, akatoa majani yaliyooza, akaingiza mapya. Hivyo nyumba ya miaka ishirini ingeweza kuwa haina hata jani moja la siku ya kwanza, na bado ikaitwa nyumba ile ile.

3. Moto uliolinda paa

Kitu kilichosaidia paa kudumu kuliko yote ni moto wa jikoni. Katika nyumba ya zamani mafiga matatu yalikuwa ndani. Moshi ulipanda, ukakaa chini ya paa, ukapita katikati ya majani kutoka nje. Ulikausha unyevu wa mvua ya mchana. Ulifukuza wadudu wanaokula majani na fito. Ukaacha masizi meusi, na masizi yale yalikuwa kama rangi ya kulinda mbao.

Juu ya mafiga kulikuwa kichanja. Pale waliweka nyama ya porini na samaki ili vikauke, mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake, vikapu, na kuni za kesho ili zisilowane. Mbegu iliyokaa katika moshi haikuliwa na wadudu mpaka musimu wa kupanda. Kwa hiyo mama alipopika sufuria moja ya mangaribi alikuwa anafanya kazi tano kwa moto mmoja: anapika, anapasha nyumba joto, anakausha chakula, analinda mbegu na anatunza paa.

Hapo ndipo tunaona kwa nini nyumba iliyoachwa inaharibika upesi namna ile. Watu wakikimbia miezi miwili tu, moto hauko. Unyevu unakaa katika majani, mchwa wanapanda ukutani, mtaro unaziba, na mvua moja kubwa inamaliza. Si lazima adui achome nyumba. Inatosha kwamba hakuna mtu anayepika ndani yake.

4. Chakula cha mangaribi

Kwa familia nyingi za huku chakula cha mangaribi ndicho chakula chenyewe. Asubuhi mtu anakula kiporo kama kipo, au muhogo wa kuchoma, kiisha anakwenda shamba. Mangaribi watu wote wanarudi, na hapo sufuria inawekwa.

Chakula hicho kilikuwa rahisi: kitu cha kushibisha na mboga. Kwa Wanyanga wa msitu kitu cha kushibisha kilikuwa kwanza ndizi, za kuchemsha, za kuchoma au za kupondwa. Kwa Wahunde wa milimani kulikuwa ndizi vilevile, pamoja na mateke, ulezi na mtama kufuatana na fasi. Mboga ilikuwa majani ya porini na ya shambani, uyoga, samaki wadogo ambao wamama walivua katika vijito, na nyama pale mtego uliposhika.

Inafaa tukumbuke kwamba hata sahani hiyo ya wazee ina historia ndefu. Ndizi asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, na ilifika Afrika zamani sana. Muhogo, maharagi, mahindi na viazi vitamu vilitoka Amerika, na viliingia Afrika baada ya Wareno kuvuka bahari katika karne ya 16. Leo mtu akituambia kwamba bugali wa muhogo na sombe ndicho chakula cha babu zetu tangu mwanzo, tunakubali kwa heshima, lakini tunajua kwamba babu wa babu aliupokea muhogo kutoka kwa mgeni, akaujaribu, akaupenda. Desturi si kitu kilichofungwa. Ni kitu kilichochaguliwa na kutunzwa.

Muhogo nao una elimu yake. Muhogo mchungu una sumu. Lazima uloweke siku tatu au zaidi, kiisha uukaushe vizuri kabla ya kutwanga. Familia inayoharakisha kwa sababu ya njaa au ya vita inaweza kupata ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ghafla, na ambao unajulikana katika nchi yetu. Sombe nalo: majani yanatwangwa sana na kuchemshwa muda mrefu, na ni kutwanga na kuchemsha huko kunakotoa sumu. Wamama hawakusoma kemia, lakini kazi waliyoifanya katika kinu ilikuwa kemia.

Kwa kuwa Mpofi iko karibu na mahali milima na msitu vinapokutana, sufuria ya hapo ilikula kutoka pande zote mbili. Maharagi na viazi vilishuka kutoka Masisi, mafuta ya ngazi na samaki vikapanda kutoka Walikale. Sahani ya maharagi yenye mafuta mekundu ni ramani ya barabara yetu. Barabara ikifungwa kwa vita, mtu anajua kwanza kwa ulimi: maharagi yanakuja meupe, bila mafuta, au mafuta yako na maharagi hayako.

Zamani wanaume hawakula kila mmoja nyumbani mwake. Walikaa kwenye barza, na kila mama alipeleka sahani yake pale. Mgeni alikula, yatima alikula, mzee asiye na mke alikula, bila kuomba. Vijana waliokaa pembeni walisikia habari za mashamba, mabishano ya mipaka na hadithi. Tusifiche kwamba wamama wenyewe walikula jikoni, na mara nyingi walikula kilichobaki. Lakini barza ilikuwa namna moja ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu wa kijiji anayelala na njaa wakati jirani ameshiba.

Hadithi kubwa ya Wanyanga, ile ya Mwindo, inajua mambo haya. She-Karisi Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956 katika kijiji cha Bese kwa siku 12, mbele ya Daniel Biebuyck, mwanachuoni Mbelgiji. Mwaka 1969 Biebuyck aliichapisha pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mtoto wa Wanyanga. Watu wanakumbuka vita vya Mwindo na safari yake kuzimu. Sisi tunakumbuka jambo la mbele zaidi. Kabla Mwindo hajazaliwa, mama yake alishangaa kuona kuni zinajileta zenyewe nyumbani, maji yanakuja, mboga za majani zinakuja. Mtoto angali tumboni alikuwa anamfanyia mama kazi ya mangaribi. Kabla ya fimbo na ushujaa, alama ya kwanza ya mtu mkubwa ilikuwa kuni, maji na mboga. Wasikilizaji wa Bese, waliojua uzito wa mtungi kichwani, hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

5. Mabadiliko yalivyoingia

Wakati wa Wabelgiji mambo mengi yaligeuka. Serikali ilitaka watu wakae karibu na barabara ili wahesabiwe, walipe kodi na walime mashamba ya lazima. Vijiji vilivyokuwa vimetawanyika vikawa mstari mmoja pembeni ya njia, kama tunavyoviona leo. Miti migumu na majani ya paa vikabaki mbali. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali hiyo iliwaleta maelfu ya watu kutoka Rwanda kuja kukaa milimani Masisi, na mashamba ya kahawa, chai na ng'ombe yakachukua fasi kubwa. Watu wakakutana, sahani zikachanganyika, lakini udongo wa kulima na miti ya kujengea vikaanza kuwa sababu ya ugomvi.

Baada ya uhuru wa 1960 mabati yakaongezeka. Kuwa na nyumba ya mabati ikawa alama kwamba mtu amesoma, au anauza kahawa, au ana mtoto anayefanya kazi mjini. Wakati wa Zaire, salongo ilileta watu kwa pamoja kufagia na kutengeneza njia, lakini kwa amri. Kazi ya jirani kwa jirani ilikuwa ya hiari, na watu waliijua tofauti. Kuanzia 2002 kasiteriti ya Bisie, ndani ya Walikale, iliwavuta vijana wengi. Waliofanikiwa walirudi na mabati na magodoro. Wengi hawakurudi na kitu.

Mabati si mabaya. Hayaozi upesi, yanatoa maji safi ya mvua, na mtu hapandi kila kiangazi. Lakini yaligeuza nyumba. Moshi hauna fasi ya kupita katika mabati, na masizi yanachafua, basi jiko likatolewa nje katika kibanda kidogo. Moto ukaachana na nyumba. Mbegu zikakosa kichanja. Watoto wakakaa ndani na redio, mama akabaki peke yake na moshi wake.

Pigo jingine liliingia kupitia shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mnyauko wa migomba ulionekana Masisi: majani yanageuka manjano, tunda linaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Ugonjwa huo unapita kwa kisu kisichosafishwa na kwa wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Dawa yake ni matunzo: kuvunja ua la dume kwa mti wenye panda badala ya kisu, kupitisha kisu motoni, kung'oa shina lenye ugonjwa. Familia zilizokuwa zinatunza ziliokoa sehemu ya migomba yao. Zile zilizokuwa zimekimbia zilikuta shamba limekwisha.

6. Vita na nyumba ya muda

Mwezi wa Machi 1993 mapigano yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi nzima. Tangu pale watu wetu wamekimbia mara nyingi: 1996, 1998, 2007 na 2008, 2010, 2012. Mwanzo wa 2025, baada ya M23 kuingia Goma mwezi wa Januari, kambi kubwa za wakimbizi wa ndani zilizozunguka mji huo zilifungwa mwezi wa Februari, na watu wakaambiwa warudi kwao. Mwezi wa Machi mapigano yakafika Walikale-kati, na njia ya Masisi kuelekea Walikale ikawa tena njia ya mizigo kichwani.

Jambo moja ambalo vita imeharibu halionekani kwenye picha. Vita imevunja mahesabu ya mtu mwenye nyumba. Kwa nini nitafute mti mgumu, kama mwaka ujao sitakuwa hapa? Kwa nini nizibe ufa? Mtu anaweka fito laini, anafunika kwa turubai, na kusema itatosha. Nyumba ya muda inakaa miaka kumi, na miaka yote hiyo inavuja. Ndani yake kuko mtoto aliyezaliwa kambini, aliyezoea kula chakula kilichopimwa kwa kadi. Mtoto huyo hakuona baba anapanda kwenye paa, wala hakutumwa kufungua mtaro.

Hata hivyo, tukitazama vizuri, tunaona pia kinyume chake. Watu wakirudi, hata kabla ya kujua kama watakaa, kitu cha kwanza ni mawe matatu na moto. Kiisha mtu anachuma mboga iliyojiotea penye shamba la zamani. Siku ya pili mtu anatafuta jembe kwa ajili ya mtaro. Waporaji walichukua sufuria, mbuzi na magodoro, lakini mwenye kujua kukanda udongo alibaki na elimu yake. Hiyo haipakiwi kichwani mwa mtu mwingine kwa nguvu.

7. Tunachopendekeza

Wengine watasema kwamba tunasifu umaskini. Hapana. Moshi wa jikoni unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3,2 duniani katika mwaka 2020, na wanaoumia zaidi ni wamama na watoto. Hatutaki mama arudishwe ndani ya moshi. Tunataka kilichofanywa na moshi kifanywe na kitu kingine: dirisha na bomba la kutoa moshi, jiko linalokula kuni kidogo, mbegu katika chombo kinachofungwa vizuri. Hatutaki pia kazi yote irudi mgongoni mwa wamama. Kama Mwindo hakuona haya kuleta kuni na maji, mwanafunzi wa kiume wa leo asione haya.

Tunapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji feza nyingi. La kwanza, katika masomo ya kazi za mikono, kila shule ya njia yetu ichague nyumba moja ya mzee au ya mjane, na wanafunzi waitengeneze mtaro, ufa na sakafu kila mwaka kabla ya mvua za Septemba. Watajifunza udongo kwa mikono, na mzee atalala fasi kavu. La pili, familia zinazorudi zipewe majembe, mbegu na machipukizi ya migomba yasiyo na ugonjwa pamoja na mabati, kwa kuwa paa bila chakula chini yake halina mlinzi. La tatu, wenye kujua kuandika wakae na wazee wangali hai, wawaulize majina ya miti ya nguzo, ya kamba na ya majani ya mboga, kwa Kinyanga, Kihunde, Kitembo na Kinyarwanda, na wayaandike katika daftari la shule. Mti ambao jina lake limesahauliwa unakatwa kwa makaa kama mti wowote.

Namba 923 itabaki katika ripoti, na lazima ibaki, kwa sababu haki inaihitaji. Upande wetu tuna hesabu nyingine ya kufanya. Kiangazi kikifika, tupite nyumba kwa nyumba, tutazame mitaro iliyofunguka, nyufa zilizozibwa na moshi unaotoka mangaribi. Pale tutakapokuta mtaro umeziba na jiko ni baridi, tuulize ndani kuko nani, na tuingie na jembe na sahani ya kitu cha kula.